Kitabu kimoja, mashahidi watano: jinsi ya kusoma vitabu vya marejeo vya ndege

Tazama modeli ya P-51D Mustang, ndege ya kivita ya Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, iliyoundwa na fundi hodari. Mabawa yana rangi ya bati tupu linalong'aa, na juu yake ribiti ndogo ndogo, yaani vipini vya kuungia bati, zimepangwa safu kwa safu, kila moja imetobolewa kwa ncha ya sindano. Ni kazi ya majuma mazima. Na ni kosa.

Kiwanda cha North American kilichounda ndege hiyo kilitaka hewa iteleze juu ya bawa bila kutibuliwa. Kwa hiyo mafundi walipiga puti kwenye maungio na vichwa vya ribiti katika sehemu kubwa ya mbele ya bawa, wakasugua kwa msasa mpaka pakawa laini, kisha wakapiga rangi ya fedha. Mustang iliyotoka kiwandani mwaka 1944 ilikuwa na kiwiliwili cha bati tupu na mabawa yaliyopakwa rangi. Basi ribiti zile zimetoka wapi? Zimetoka kitabuni, tena kitabu cha karatasi nzito na bei nzito zaidi, chenye picha za rangi za karibu kabisa. Picha hizo ni za Mustang zinazoruka leo kwenye maonyesho, ambazo wenyewe wameondoa puti na kung'arisha bati kwa sababu linapendeza macho.

Hakuna aliyesema uongo hapo. Picha ni halisi, ndege ni halisi, na msomaji amepotea vilevile. Ndiyo sababu swali ambalo waunda modeli huulizana kila siku, eti kitabu fulani ni sahihi au si sahihi, halina jibu. Ndani ya jalada moja mna picha za wakati wa vita, picha za ndege za makumbusho, michoro ya vipimo, michoro ya rangi, na jedwali la namba. Mara nyingi kila kimoja kimetoka kwa mtu tofauti, kwa njia tofauti, na kina namna yake ya kupotosha. Anayenunua kitabu ananunua mashahidi watano, na ni wajibu wake kuwahoji mmoja mmoja.

Tuanze na picha za zamani, kwa kuwa ndizo zinazoheshimiwa kuliko vyote, na kwa haki. Ukitaka kujua ndege fulani ilikuwaje siku fulani, hakuna kinachoipita picha iliyopigwa siku hiyo. Lakini picha nyeusi na nyeupe ina mitego. Filamu ya aina ya othokromatiki, iliyotumika sana katika Vita vya Kwanza vya Dunia na ambayo ilikuwa bado mikononi mwa wapiga picha katika Vita vya Pili, haioni rangi nyekundu, ilhali buluu huiona mno. Nyekundu hutoka nyeusi, njano hutoka imekoza, buluu hutoka imepauka. Duara la njano lililozunguka alama ya ndege za Uingereza linaweza kuonekana jeusi kabisa, na mtu asiyejua atasema lilikuwa jeusi. Filamu ya pankromatiki, inayoona rangi zote, huionyesha njano hiyohiyo ikiwa imepauka inavyostahili. Kwa hiyo mwandishi anayesoma rangi kutokana na ukolevu wa kijivu pichani, bila kuuliza filamu ilikuwa ya aina gani, anapiga ramli.

Kuna tatizo jingine dogo ambalo ni rahisi kulinasa: picha iliyochapishwa kinyume, kushoto kukawa kulia. Hutokea negativu ikigeuzwa, na ikiwa ndege haina herufi zinazosomeka, mhariri hatambui. Mjuzi wa Bf 109, ndege ya kivita ya Ujerumani, hutazama mdomo wa kuingizia hewa ya injini, ambao uko ubavu wa kushoto, na kifuniko cha rubani, ambacho hufungukia kulia. Kwenye Spitfire ya Waingereza, kimlango cha rubani kiko kushoto. Alama kama hizo zikionekana upande usio wake, maelezo yote ya ukurasa huo yaliyojengwa juu ya picha hiyo yamepinduka nayo.

Halafu kuna picha iliyopigwa makusudi ili idanganye. Mwaka 1940 Ujerumani ilikuwa na ndege chache za Heinkel He 100 D-1, kama dazeni moja hivi, ambazo jeshi la anga halikuzichukua. Watu wa propaganda wakazipaka nembo za vikosi visivyokuwepo, wakazipiga picha, wakabadilisha nembo, wakazipiga tena, wakautangazia ulimwengu kwamba ni ndege mpya ya kivita iitwayo He 113. Waingereza walinasa. He 113 iliingia katika miongozo ya kutambua ndege za adui, na marubani wa RAF, jeshi la anga la Uingereza, wakaandika katika ripoti zao kwamba wamepambana nayo angani. Haikuwahi kuwa na kikosi hata kimoja. Ajabu ni kwamba picha zenyewe ni ushahidi safi kabisa wa rangi: nembo zilipakwa kweli, ndege zilisimama kweli uwanjani. Ukiunda modeli yake kwa kufuata picha hizo hutakosea chochote, alimradi ujue kuwa unachounda ni tangazo la vita. Wadhibiti wa habari nao walifanya kazi yao kwa upande wa pili, wakifuta pichani antena za rada na namba za vikosi. Kitu kisichoonekana pichani huenda kilikuwepo.

Maelezo chini ya picha ni habari nyingine kabisa. Mengi yalinakiliwa kutoka kitabu kilichotangulia, nacho kilinakili kutoka gazeti. Mahali na tarehe vikikosewa mara ya kwanza, vitarudiwa katika vitabu kumi, na msomaji ataviona vitabu kumi vinakubaliana akadhani amepata uthibitisho. Alichopata ni chanzo kimoja kilichopigiwa mwangwi.

Sasa michoro ya vipimo, ambako ugomvi ni mkali kuliko kwingine kote. Wengi huamini kuwa mchoro wa pande tatu katika kitabu umetokana na michoro ya kiwanda. Mara chache ndivyo ilivyo. Michoro ya kiwanda ni maelfu kwa maelfu ya vipande: kishikio hiki, ubavu ule wa bawa, sahani ile ya bati. Haionyeshi ndege nzima ikiwa imekamilika kwa namna anayoitaka muunda modeli. Mchoraji wa kitabu huchukua vipimo vikuu, akatazama picha, akaunganisha. Picha alizozitazama zimepigwa na kamera iliyosimama mahali fulani: ikiwa ilikuwa karibu, pua ya ndege itaonekana kubwa kuliko mkia. Asiporekebisha hilo, pua itabaki kubwa kwenye mchoro.

Sehemu ngumu kuliko zote ni umbo la kiwiliwili kikikatwa katikati, maana picha ya ubavuni haikuambii kama tumbo la ndege ni la mviringo au limebanwa. Mimi nikifungua kitabu kipya dukani, hapo ndipo ninapoanza kutazama. Mchoro unaotoa mikato ya kiwiliwili kwa sehemu mbalimbali, tena ikiwa na namba za fremu za kiwanda, umefanyiwa kazi. Usio nayo ni picha bapa, hata kama mistari yake ni myembamba na ya kuvutia. Mustang ina bahati ya pekee katika hili: Roy Liming, mwanahisabati wa North American, alilifafanua umbo lake kwa milinganyo ya mikunjo ya koni, yaani mistari inayopatikana koni ikikatwa, kwa hiyo mwenye vipimo vya msingi anaweza kulikokotoa umbo la kiwiliwili badala ya kulikisia. Ndege nyingi za zama zile hazina neema hiyo.

Namba nazo huyumba. Urefu wa Bf 109 G utaukuta mita 8.95 kwenye kitabu kimoja na mita 9.02 kwenye kingine. Tofauti ya sentimita saba ni ndogo kwa ndege halisi, lakini katika skeli ya 1/48, yaani modeli iliyopunguzwa mara 48, inakuwa karibu milimita moja na nusu, na hiyo jicho linaiona. Tofauti za namna hii huzaliwa kwa njia nyingi. Ndege yenye gurudumu la mkiani ikipimwa imesimama uwanjani, pua juu na mkia chini, hutoa urefu mfupi kuliko ikipimwa mkia umeinuliwa. Wapo wanaohesabu kofia ya rafadha, wapo wasioihesabu. Wapo walionakili kipimo cha toleo la awali la ndege na kukibandika kwenye toleo la baadaye. Jedwali halisemi lolote kati ya hayo. Linatoa namba kavu.

Wala si wapenzi wa nyumbani tu wanaoangukia humo. Eduard, kampuni ya Jamhuri ya Czech yenye sifa ya umakini, ilitoa seti ya vipande vya plastiki vya kuundia Bf 109 G-6 ya skeli ya 1/48 mwaka 2014. Wanunuzi wakatoa rula, wakaipima modeli, wakakuta imezidi ukubwa. Kampuni ilikiri, ikachonga kalibu mpya, na seti iliyosahihishwa ikatoka mwaka 2016. Kuchonga kalibu za chuma ni gharama kubwa, na hiyo ni mojawapo ya ndege zilizoandikiwa vitabu vingi kuliko karibu nyingine zote. Wingi wa vitabu haukumlinda mtu.

Kwa msomaji wa kawaida lipo jaribio la dakika tano. Spitfire Mk I ina upana wa mabawa wa mita 11.23 na urefu wa mita 9.12. Katika skeli ya 1/72 upana utakuwa milimita 156 na urefu milimita 126.7. Weka rula juu ya mchoro. Ukikuta upana ni 153, usikimbilie kulaani. Pima na urefu. Ikiwa nao umepungua kwa asilimia mbili hiyohiyo, mchoro ni mzuri na kiwanda cha uchapaji ndicho kilichoupunguza. Ukiukuza kwa asilimia mbili kwenye mashine ya kunakili, kazi imekwisha. Ikiwa upana umepungua na urefu uko sawa, basi mchoro umevutwa upande mmoja na hakuna mashine itakayouponya. Michoro inayovuka katikati ya kitabu, penye mshono, hupoteza milimita kadhaa zinazomezwa na gundi. Na ukishapata vipimo vikuu sawa, bado hujathibitisha kitu kuhusu mahali pa chumba cha rubani au unene wa pua. Umethibitisha tu kwamba ncha ziko mahali pake.

Vitabu na seti za plastiki hulishana, jambo linalofanya makosa yawe na maisha marefu. Mfano ni kishimo cha magurudumu cha Mustang, yaani uwazi wa chini ya bawa ambamo magurudumu hukunjwa ndege ikiruka. Kwenye ndege halisi ukuta wake wa nyuma ni mhimili mkuu wa bawa, umenyooka kutoka upande hadi upande. Seti kadhaa za skeli ya 1/48 zilizotoka miaka ya 1990 zilijenga ukuta huo kwa kufuata mkato wa milango, kana kwamba kishimo ni sanduku lililochongwa kwa umbo la gurudumu. Kizazi kizima kilizoea kuona hivyo, na modeli zilizoundwa vizuri kutokana na seti hizo zikapigwa picha na kuingia katika vitabu vya mafunzo. Mtu akija na kishimo sahihi, wenzake humuuliza kwa nini kimekosewa.

Rangi ndiyo bahari isiyo na mwisho. Kitabu kitakuambia kwamba ndege ya mwaka 1940 ilikuwa na rangi ya FS 34-kadha-wa-kadha, na msomaji ataichukua namba hiyo kama hati. FS 595 ni kiwango cha serikali ya Marekani kilichotoka mwaka 1956. Tarakimu ya kwanza ni ya mng'ao: 1 inang'aa, 2 inang'aa nusu, 3 haing'ai. Ya pili ni ya ukoo wa rangi, kwa mfano 4 ni kijani, 5 ni buluu, 6 ni kijivu. Tatu zilizobaki hazina fomula yoyote ya kuchanganyia. Hakuna kiwanda cha vita kilichopaka ndege kwa namba hiyo, kwa kuwa haikuwepo. Mwandishi aliyeiandika anamaanisha kwamba kati ya vibao vya rangi alivyonavyo, hicho ndicho kilichokaribia. Mwandishi mwaminifu husema hivyo waziwazi, na husema kimekaribia kwa upande gani: kibao kina ubuluu zaidi, au kimepauka kidogo. Asiyesema huacha namba itembee peke yake, na ikitembea hugeuka kuwa ukweli.

Kwa ndege za Ujerumani mambo ni magumu zaidi. Wizara ya anga ya nchi hiyo ilitoa mwaka 1941 mwongozo wenye kadi ya rangi rasmi, na kwa rangi zilizomo humo ubishi una mpaka. Rangi za mwisho wa vita, namba 81, 82 na 83, hazimo katika kadi hiyo. Vitabu vya miaka mingi vimezichora kwa kahawia na kijani za kila namna, na majina yamebadilishana namba kutoka kitabu hadi kitabu. Kitabu kinachokupa 83 kwa uhakika wa chuma, bila neno la tahadhari, kinakuambia zaidi kuhusu tabia ya mwandishi kuliko kuhusu rangi.

Kisa kinachofundisha kuliko vyote ni cha Zero, ndege ya kivita ya jeshi la majini la Wajapani. Kwa miaka mingi Zero za shambulio la Pearl Harbor, tarehe 7 Desemba 1941, zilichorwa nyeupe au kijivu cheupe, na seti nyingi zikafuata. Japani ilipoteza Zero tisa siku ile, na vipande vya bati vilivyookotwa na kutunzwa vimewafikia watafiti. Penye rangi iliyohifadhika palionekana kijivu chenye uzeituni, si cheupe hata kidogo. Hati ya utafiti ya jeshi la majini la Japani ya mwaka 1942 nayo inaitaja rangi ya Zero kuwa kijivu kilichoelemea kwenye umanjano-kahawia. Weupe ulitoka wapi basi? Rangi ile ikipigwa na jua na hewa hufanya ungaunga juu yake na kupauka, kwa hiyo picha nyingi, na hata mabaki yaliyoachwa nje kwa miaka, huonyesha uso uliochakaa. Ukimuuliza shahidi aliyeona ndege ikiwa kuukuu, atakuambia kweli tupu, na utapaka rangi isiyo ya ndege mpya. Kitabu kizuri kuhusu Zero kitakuonyesha kipande cha bati, kitakuambia kimetoka wapi na kimetunzwaje. Kibaya kitakuonyesha mraba wa rangi.

Na mraba wenyewe umechapishwa kwa wino wa aina nne tu zilizochanganywa kwa vitone, ambazo haziwezi kutoa kila rangi iliyopo duniani. Kitabu hichohicho kikichapishwa upya hutoka na kijani tofauti. Kulinganisha chupa ya rangi na ukurasa uliochapishwa, chini ya taa ya chumbani, ni kupoteza jioni.

Hapo ndipo ilipo michoro ya rangi ya ubavuni, ile inayouza vitabu. Ni mizuri, na siku hizi kompyuta huipa vivuli, moshi wa injini na mikwaruzo hadi ikafanana na picha. Lakini mara nyingi nyuma yake kuna picha moja, ya upande mmoja. Upande wa pili umekisiwa. Ikiwa picha inaonyesha mkia tu, pua imekisiwa. Ninachokitafuta ni picha yenyewe kuwekwa kando ya mchoro wake, ili nione mchoraji alipoacha kuona na kuanza kuwaza. Wachapishaji wengi huziweka kurasa ishirini mbali, au hawaziweki kabisa, na sidhani kama siku zote ni bahati mbaya.

Ndege zisizo maarufu zina kanuni yake. Mtu akitaka kuunda ndege zilizoisaka manowari ya Kijerumani Königsberg katika delta ya Rufiji, hatapata rafu ya vitabu. Mwishoni mwa 1914 iliwindwa kwa boti ya kuruka ya Curtiss iliyoendeshwa na rubani raia, H. Dennis Cutler; baadaye zikaja ndege za kutua majini za Sopwith na Short, ambazo joto na unyevu wa pwani vilizishinda; na Julai 1915 ndege za Farman na Caudron zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia ndizo zilizoelekeza mizinga ya meli za Waingereza, Severn na Mersey, hadi Königsberg ikaangamia tarehe 11. Michoro ya jumla ya Farman ipo. Lakini ndege iliyokaa chini ya jua la Mafia, kitambaa kimelegea, imetiwa viraka kwa vifaa vilivyokuwepo, haimo kwenye mchoro wa jumla. Hapo barua na ripoti za mabaharia na marubani hubeba uzito kuliko mchoro wowote wa rangi, na picha moja yenye ukungu ni mali kubwa. Ndivyo ilivyo pia kwa ndege za Short 827 za Wabelgiji zilizoruka juu ya Ziwa Tanganyika na kuishambulia Kigoma mwaka 1916.

Basi mwenye fedha kidogo anunue nini? Vitabu vya zamani vya picha, hata vya miaka ya 1970 vyenye karatasi iliyobadilika rangi, havichakai, kwa sababu picha haibadiliki kwa kuwa utafiti umesonga mbele. Maelezo yake tu ndiyo ya kusomwa kwa tahadhari. Vitabu vya rangi huchakaa haraka, na hapo kipya chenye kutaja vyanzo kinastahili bei yake. Miongozo ya matengenezo iliyotolewa na majeshi yenyewe, ambayo nakala zake nyingi zimechapishwa upya, ni bora kuliko kitabu chochote cha kisasa kwa chumba cha rubani na miguu ya kutua, ingawa huonyesha ndege ilivyopaswa kuwa siku ilipokabidhiwa. Vitabu vya picha za ndege za makumbusho vina faida kubwa kwa umbo la vyuma na mpangilio wa mabomba; kwa rangi, kwa redio zilizofungwa chumbani, kwa matairi na kwa ribiti, tafuta kwanza ndege hiyo ilirekebishwa lini na kwa ajili ya nini. Kwa Mustang inayoruka kwenye maonyesho, jibu la swali hilo liko kwenye mabawa yake.